Damu Isiyogeuka Rangi

Kama umeyashika maandishi haya kwa sababu kuna mtu nyumbani kwako anatoka jasho bila homa, mate yanamtoka hovyo na mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano, yaweke chini. Mvue nguo alizotoka nazo shambani, mwoshe kwa maji mengi, mkimbize hospitali, na ukifika useme neno dawa ya shamba kabla hujasema neno malaria. Mimi nitakungoja. Simulizi yangu haina haraka, ila huo ugonjwa unakimbia.

Sasa ninyi mliobaki. Wanaoandika habari za maradhi yao huwa wanamaliza kwa kusema wamesamehe kila mtu na wanamshukuru Mungu. Mungu namshukuru. Hilo jingine usilitafute hapa, utajichosha bure. Niliugua nikiwa na hasira, nikapona nikiwa na hasira, na zipo asubuhi ambazo ni hasira tu iliyonitoa kitandani, maana miguu ilikuwa imekataa.

Naitwa Paskalina. Nilizaliwa Qurus na nikaolewa hapo hapo na Bura, mtoto wa mjane mkali, mzee wa kanisa, mwanamke ambaye hakuwahi kuonja pombe na alikunusa wewe mlangoni kabla hajaitikia shikamoo. Mwaka mmoja mahindi yalipotutupa, tulimwacha mama mkwe na shamba lake, tukaenda Oldeani kutafuta kibarua kwenye shamba kubwa la kahawa. Tulikuwa na mtoto mmoja, Niima, ndiyo kwanza anajifunza kusema maneno yaliyonyooka. Kambini tulipewa chumba kimoja chenye bati linalovuja.

Ilikuwa ile miaka ya baada ya vita, mnaikumbuka. Sabuni ilitoweka madukani, sukari ilikuwa ya kusimulia, na ukitaka ndoo ya plastiki uwe na mjomba Nairobi. Kwa hiyo madebe matupu ya dawa ya kuulia wadudu wa kahawa yalikuwa mali. Hayakutupwa hata moja. Nyapara mkuu ndiye aliyeyagawa, na aliyagawa kwa anaowapenda tu, hivyo ukiona nyumba ina debe ujue huyo ni mtu wa nyapara. Wanawake waliyasugua kwa mchanga na majivu mpaka yakang'aa, wakachotea maji, wakahifadhia unga. Sikupewa hata moja na niliona wivu, Mungu anisamehe kwa wivu wa kipumbavu namna ile.

Nyapara huyo aliitwa Yona. Alikuwa mtu mnene, msafi, mwenye sauti ya kuhubiri. Mwendo wake ulikuwa wa mtu anayejua anatazamwa. Nyuma ya nyumba yake alifuga ng'ombe, na shamba lilinunua maziwa yake kwa ajili yetu watu wa dawa. Maana kinga yetu ilikuwa maziwa. Kote kwetu inaaminika maziwa hukata sumu: aliyeumwa na nyoka anyweshwe, aliyevuta moshi wa mkaa anyweshwe, na mpuliza dawa apewe kikombe kabla ya kazi ndipo atoke. Glavu niliziona mara moja tu mikononi mwa meneja, akikata maua ya mke wake. Sisi tulipewa kikombe. Yona aliyaleta maziwa mwenyewe kila asubuhi kwenye debe lake, zuri kuliko yote kambini, akatugawia kwa mkono wake huku akitukumbusha kushukuru.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wanaume walibeba mabomba mgongoni na kupuliza miti. Wanawake tulichota maji korongoni tukayamimina kwenye pipa, na mmoja wetu alikoroga. Mkorogaji nilikuwa mimi. Dawa ilitoka kwenye debe ikiwa nzito, inanuka kitunguu saumu kilichooza, na ikikutana na maji inageuka nyeupe. Mti wa kukorogea ulipopotea nilikoroga kwa mkono. Jioni nilinawa kwa maji matupu, nikakanda ugali. Na kwa kuwa nilikuwa mkorogaji, Yona alinipa kikombe cha pili cha maziwa. Alisema ananihurumia.

Siku niliyoanguka jua lilikuwa kali, maua ya kahawa yamekwisha kupukutika. Nilianza kuona giza pembeni mwa macho, nikadhani wingu limepita. Kichwa kikabana. Jasho likanitoka hadi kanga ikanigandama, na mate yakajaa mdomoni, nikimeza yanarudi, nikitema yanarudi. Tumbo likanisokota. Nitasema wazi kwa sababu na wewe yatakupata na utaona aibu: nilijiharishia pale pale kwenye pipa mbele ya wanaume, na sikuweza kusogea. Nyama za mapaja zilikuwa zinarukaruka zenyewe chini ya ngozi. Nilitaka kusema jina langu, ulimi ukaviringika.

Yona alikuja akanitazama. Simsahau alivyoshika pua. Bura alipofika mbio akitokea upande wa pili wa shamba, Yona alimwambia kwa sauti ya kusikika na wote:

"Mke wako amelewa, Bura. Mpe maziwa akalale."

Mimi sikuwahi kunywa pombe. Bura alijua, alilala nami kitanda kimoja miaka yote na hakuwahi kunusa kitu. Lakini alisimama pale akainamisha kichwa kwa nyapara, akasema ndiyo mzee.

Nililetewa maziwa nyumbani, kikombe kikubwa, kwa hisani ya Yona. Nikapata nafuu siku iliyofuata, nikarudi kwenye pipa kwa sababu asiyefanya kazi hapati posho, nikaanguka tena. Maziwa tena. Mara ya tatu nilikoroma kama mnyama anayechinjwa, na wanawake wa kambi hawakumsubiri nyapara wala mume. Walinifunga kwenye blanketi, wakasimamisha lori la magogo, wakanipeleka hospitali ya misheni. Baadhi ya wanawake wale wamekufa. Kila ninapopiga magoti nawataja.

Hospitali sikuiona ikija. Nilichoambiwa ni kwamba muuguzi wa zamu aliniinua kope, akaona mboni, akanusa mikono yangu, akaanza kukimbia. Nilichomwa sindano ya atropini, wakanitazama macho, wakanichoma tena, wakanitazama tena. Dawa hiyo ndiyo iliyoniokoa na sitaisema vibaya, ila ujiandae. Inakukausha mdomo mpaka ulimi unanata juu kama kipande cha ngozi. Moyo unakimbia. Na akili inatoka matembezi. Niliona kuku wekundu wanatembea ukutani, nikawafukuza kwa mikono yote miwili, nikamtukana muuguzi kwa Kiiraqw matusi ambayo sikujua kwamba nayajua. Alikuwa Mwiraqw pia. Baadaye alinirudishia moja moja, tukacheka hadi nikakohoa.

Kitanda cha jirani alilala Mama Nashipai, mama wa Kimaasai kutoka upande wa Endulen, aliyevunjika nyonga kwa kupigwa na ng'ombe. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza na changu kilikuwa cha shule ya msingi, tukaelewana. Aliniona nalia kwa kuwa siwezi kujipangusa mate, akanipangusa kwa ncha ya shuka lake jekundu. Kila mara mumewe alipomletea mafuta ya kondoo alinipa nusu.

Bura alikuja kunitazama Jumapili moja. Alikaa pembeni mwa kitanda akageuzageuza kofia. Nikamuuliza Niima yuko wapi, mbona hakumleta. Akasema mama yake amemchukua, yuko naye Qurus. Nikasema vizuri, nikitoka nitampitia. Halafu akanieleza, macho yakiwa sakafuni, kwamba mama amesikia habari za mimi kulewa kazini mpaka nikajichafua mbele ya wanaume. Yona mwenyewe alipita Qurus akamwambia kwa masikitiko. Mama amesema mtoto wa nyumba yake hatalelewa na mlevi, na mimi nikitoka nirudi kwa kaka zangu.

Nikamuuliza Bura yeye alimjibu nini mama yake. Akasema mama ni mama.

Ndugu yangu, yako maumivu ambayo atropini haiyafikii. Nilimwambia atoke. Alipotoka nikamlaani Yona kwa jina la ukoo wake na la mama yake. Mama Nashipai hakuelewa neno hata moja lakini alikuwa akiitikia kila nilipovuta pumzi.

Nilidhani ndiyo basi, mabaya yamekwisha, kilichobaki ni kupata nguvu. Kumbe. Wiki chache baadaye, nikiwa karibu kuruhusiwa, nyayo zikaanza kuchoma kama nimekanyaga siafu. Kisha ganzi. Kisha asubuhi moja nikasimama kwenda uani, vidole vya miguu vikabaki vinaning'inia, nikajikwaa kwenye sakafu isiyo na kitu. Miguu yote miwili. Nikataka kutembea ikabidi niinue magoti juu kama jogoo anayepita kwenye majani yenye umande. Watoto wa wagonjwa walinifuata nyuma wakiniigiza.

Mvua za masika zilinikuta bado nipo, maana sikuwa na pa kwenda kwa miguu hiyo. Nilijifunza tena kushuka ngazi kwa makalio. Mama Nashipai ndiye aliyepata wazo la mpira. Mumewe alikuwa fundi wa kukata kandambili za matairi, akaleta vipande vya tyubu ya gari. Tukafunga ukanda chini ya goti, na kutoka hapo mpira mwembamba ukashuka hadi mbele ya kiatu, ukavuta vidole juu. Mara ya kwanza ulikatika ukanichapa usoni. Mara ya pili nikatembea wodi nzima. Daktari mkuu alikuja kuangalia, akasema kwa chuma na ngozi kifaa kama hicho kipo Moshi, na akawaagiza wauguzi wamfungie na mgonjwa mwingine.

Ndipo alipokuja Daktari Lema. Mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, ametumwa kutoka Dar es Salaam kufanya utafiti juu ya watu wanaougua kwa dawa za mashamba. Alikuja na kisanduku chenye vichupa na vioo vya rangi. Alinieleza mara moja tu, nami nakueleza mara moja tu. Ndani ya damu kuna kitu kinaitwa kimeng'enya. Mshipa wa fahamu ukiuamuru msuli ukaze, kazi ya kimeng'enya hicho ni kuizima amri ili msuli upumzike. Dawa ya wadudu inakifunga mikono. Msuli unabaki unapokea amri, mate yanabaki yanaamriwa, jasho linabaki linaamriwa, mpaka mtu anakufa kwa kuchoka. Unachukua tone la damu kwenye kidole kilichooshwa vizuri, unalichanganya na maji ya kwenye kichupa, unangoja. Damu nzima inayageuza maji kutoka kijani hadi rangi ya chungwa. Damu iliyofungwa inabaki kijani.

Nilimuuliza kama kisanduku kinaweza kumwonyesha mtu asiyejua kusoma kwamba sikulewa. Akasema pombe haifanyi hivyo, na rangi kila mwenye macho anaiona. Nikampa kidole.

Tukangoja. Maji yakaanza kugeuka, yakaenda yakaenda, yakafika karibu kabisa na chungwa. Daktari akatabasamu.

"Hongera, Mama Niima. Damu yako imepona."

Nilipiga kitanda kwa ngumi. Alishtuka, akadhani atropini imerudi kichwani. Sikuwa na kichaa. Nilikuwa nimekaa hospitali msimu mzima mbali na pipa, mwili umetengeneza kimeng'enya kipya, na shahidi wangu wa pekee alikuwa amejiondokea kimya kimya. Nadhani ni mimi tu katika wodi ile niliyewahi kulia kwa kuambiwa nimepona. Nikamsimulia yote, Yona, mama mkwe, mtoto. Alisikiliza huku anakunja vitambaa vyake. Akasema wengine bado wako kwenye pipa, damu zao zitasema. Alikuwa na kibali cha kwenda mashambani, atakwenda kambini kwetu kwanza. Nikamwambia haendi bila mimi.

Tulikwenda na Landrova ya hospitali, njia imeoza kwa mvua. Kambi nzima iliitwa uwanjani mbele ya ghala. Daktari alieleza anachotaka, na hakusogea mtu. Nilijua kwa nini. Habari za mumiani zilikuwa zimezagaa, watu wanaotembea na magari wakinyonya damu za maskini wakauze. Mama mmoja aliwaficha wanawe chini ya kanga. Mimi nilisimama karibu na gari kwa mipira yangu ya tyubu, na nikaona wengine wananicheka mwendo.

Yona akajitokeza. Hakuwa na sababu ya kuogopa, kwa jinsi alivyojijua. Alikunja mkono wa shati polepole, akanitazama mimi, si daktari.

"Anza na mimi," akasema. "Wapate kuona damu ya mtu anayekunywa maziwa badala ya pombe."

Watu walicheka. Daktari alimwosha kidole kwa maji na spiriti, akamchoma, akaweka kichupa juu ya boneti pale kila mtu anapoona. Kisha akanichoma mimi, akaweka changu kando yake. Tukangoja. Kichupa changu kikaanza kugeuka. Kikawa njano, kikawa chungwa. Cha Yona kilikaa kijani. Tukangoja zaidi. Kijani. Watu wakasogea bila kujua kwamba wanasogea. Yona akasema kisanduku ni kibovu. Daktari akarudia, kidole kingine, kichupa kingine, na kijani ikawa ile ile. Mzee mmoja mpuliza dawa, mkimya siku zote, akasema basi mlevi ni nyapara. Uwanja wote ukaangua kicheko, na mimi nilicheka kuliko wote, nikacheka mpaka nikashika mlango wa gari nisianguke.

Daktari Lema hakucheka. Alikuwa anamtazama Yona machoni. Akamuuliza kama kichwa kinamuuma, akasema siku zote. Akamuuliza jasho, mate, tumbo. Yona akaanza kupungua mbele yetu. Akaulizwa anashika dawa lini, akasema yeye ni nyapara, hashiki dawa. Basi anakula nini kila siku ambacho wengine hawali sana? Akasema maziwa, asubuhi na jioni, na akaagiza debe liletwe ili tushuhudie alivyo msafi.

Likaletwa. Linang'aa. Daktari akalinusa, akaligeuza juu chini. Kitako kilikuwa na kutu kwenye maungio, na pembeni, mahali mchanga haukufika, kulikuwa bado na nusu ya lile fuvu la kichwa lililochorwa. Akaeleza kwa sauti ya chini kwamba dawa ile hujificha kwenye maungio ya bati na hupenda mafuta, na maziwa yana mafuta. Hakuhitaji kuendelea. Kinga yetu ilikuwa ndiyo dozi ya pili ya sumu, na mimi mkorogaji nilikuwa nikipewa vikombe viwili kwa huruma. Baada ya hapo watu walijipanga wenyewe kutoa damu, na aliyekunywa sana ndiye aliyekaa kijani sana.

Yona alipandishwa kwenye gari lile lile lililonileta. Daktari alikuwa amekuja na dawa mpya ya sindano, chache sana, inayokifungua kimeng'enya mikono ikiwahiwa mapema. Kwangu ilikuwa imechelewa. Yona aliwahiwa. Njia nzima nilikaa mbele nikifikiri jambo hilo, kwamba mtu aliyeniita mlevi ndiye anapata sindano ambayo mimi sikuipata, na kwamba anaipata kwa sababu ya mdomo wangu. Kama gari lingetumbukia korongoni na yeye peke yake akabaki huko, nisingelia.

Alitoka hospitali mapema, mzima, anatembea kwa mwendo wake ule. Kabla hajaondoka nilimfuata kwenye benchi la kungojea dawa. Nikamwambia sina haja na samahani yake. Nataka aende Qurus kwa mama mkwe wangu aseme alichosema ni uongo, mtoto wangu arudi. Kisanduku cha daktari mama hakukiona, na hata angeonyeshwa angesema ni mambo ya wazungu. Neno la Yona ndilo lililomchukua Niima na neno la Yona ndilo litakalomrudisha. Aliniangalia kana kwamba nimemwomba ng'ombe. Akasema mtu wa heshima yake hawezi kwenda kujidhalilisha mbele ya ajuza kwa ajili ya mambo yaliyokwisha.

Nikamwambia hayajakwisha. Nilijua jambo moja ambalo yeye alikuwa bado hajalielewa ingawa daktari alimtahadharisha: ile sindano inafungua damu tu, haizuii miguu kufa baadaye kama yangu. Nikahamia Karatu kwa shangazi yangu, nikawa nasuka vikapu nimekaa, na kila kliniki ya mwezi nilifika asubuhi, nikachagua benchi linalotazama lango. Nilingoja. Mahindi yalichanua, yakakauka, yakavunwa. Kwenda Qurus nilikwenda mara moja, nikamwona Niima uani anamwita bibi yake aayo, ndivyo sisi tunavyomwita mama. Mama mkwe alinifungia mlango kwa upole, kama anavyofungiwa mtu asiye na akili. Nilirudi nikaketi kwenye benchi langu.

Siku aliyotokea langoni nilimtambua kwa magoti kabla ya uso. Aliyainua juu, moja, jingine, vidole vinaburuta vumbi. Amepungua, shati linamcheza. Watoto wawili walikuwa nyuma yake wanamuigiza. Nilifurahi. Nasema kweli tupu, furaha ile ilinijaa kifua kizima, nikamwachia nafasi kwenye benchi ili aketi karibu nami na niifaidi.

Akaketi. Akatazama mipira yangu muda mrefu. Shamba lilikuwa limempa mtu mwingine unyapara.

"Mama Niima," akasema, "hiki kitu kinaisha lini?"

"Kwanza nijibu. Siku ile nilikuwa nimelewa?"

Akasema hapana, alijua si pombe. Mtu wa dawa akianguka, nyapara ndiye anayeulizwa na meneja. Mlevi akianguka, haulizwi mtu. Alilisema kama jambo la kawaida la kazi. Nikamwambia maneno hayo hayo, bila kupunguza, akayaseme Qurus, na akimaliza nitamfungia mipira kwa mikono yangu na kumwonyesha namna ya kutembea nayo. Akasema nimfungie kwanza, njia ya kupanda kwa mama Bura ni kali. Nikasema naijua njia. Mimi niliipanda.

Lori lilitushusha barabarani. Nilipanda mbele, yeye nyuma, na sikugeuka ingawa nilisikia kila alipojikwaa. Tulifika mama mkwe akipepeta maharage, Bura kaketi kizingitini. Yona hakukaribishwa kiti kwa kuwa hawakumtambua mara moja. Akasema akiwa amesimama, akiyumba, ameshika nguzo ya zizi.

"Mama, mimi ndiye niliyesema Paskalina alilewa. Hakulewa. Ilikuwa sumu ya shamba, na nilijua. Nilisema hivyo nisije nikaulizwa."

Mama mkwe aliendelea kupepeta kidogo, halafu ungo ukasimama. Alinitazama miguu, akamtazama Yona miguu. Ni mwanamke mgumu lakini si mwongo, na hakutafuta njia ya kuzunguka. Aliingia ndani akatoka na Niima na kifurushi cha nguo zake, akaniwekea mtoto mapajani. Akasema alimwamini mwanamume kwa sababu alikuwa na sauti nzuri. Bura alisimama, akaniuliza kama tunarudi kambini. Nikamwambia yeye arudi, mama yake atamwelekeza njia. Niima alikuwa mgumu mikononi mwangu, ananinyooshea mgongo, anamtafuta bibi kwa macho. Alichukua msimu mzima kunizoea. Hilo pia liko kwenye hesabu ya Yona na halijafutwa.

Watu huniuliza kama baada ya hapo nilimsamehe. Sikumsamehe. Ahadi ni ahadi, nilipiga magoti pale uani nikamfunga mipira, kwa kuwa yeye hakuweza kuinama, na niliikaza kuliko ilivyohitajika. Jua lilikuwa linashuka. Mteremko ule na miguu ile, peke yake, angevunja shingo, na hakuna aliyejua hivyo kama mimi. Nikamfunga Niima mgongoni, nikamshika Yona mkono, nikamwambia kanyaga kisigino kwanza. Tukashuka hivyo, hatua kwa hatua, amenielemea uzito wake wote, na mimi nikamchukia mpaka chini barabarani.